Fundo Pweke

Saa tatu kasoro robo asubuhi sisimizi wa nta aliamka, akanyoosha miguu yake sita juu ya kigae cha kioo, akaanza kutafuta mtu wa kumwingia.

Usimwogope. Hakufika hata robo ya punje ya uwele. Mwili wake ulifinyangwa kwa nta ya nyuki wa misitu ya Tabora, na ndani ya nta hiyo ulipita uzi wa madini mwembamba kuliko utando wa buibui. Uzi huo ndio uliokuwa masikio yake. Macho hakuwa nayo, maana ndani ya mwili wa binadamu ni giza totoro na macho hayana kazi huko. Sisimizi-tiba alisikiliza. Mshipa wa fahamu ukinong'ona, yeye aliusikia, kama wewe unavyowasikia majirani wakigombana nyuma ya ukuta: maneno yote huyapati, lakini nani kaudhika unajua. Akishaupata mshipa unaolalamika aliugusa kwa joto dogo mpaka ukanyamaza. Baada ya dakika arobaini nta iliyeyuka mwilini, uzi ukavunjikavunjika na kutoka na mkojo, kazi imekwisha. Hakuna kisu, hakuna mshono. Tundu alilopitia lilikuwa dogo kuliko alama ya mbu.

Huo ulikuwa mwaka wa 2118. Jiji la Tabora lilikuwa limeezekwa kwa mapaa ya majani-jua, yanayogeuka taratibu kulifuata jua kutwa nzima, hivi kwamba ukiutazama mji kutoka juu ungedhani unajigeuza usingizini. Katika chumba kimoja cha zahanati, chini ya paa kama hilo, alilala kifudifudi mama mmoja wa miaka hamsini na miwili, kidevu juu ya mto, kanga imemfunika miguu. Jina lake Nyamizi Kasanda.

Mlango ukafunguka. Akaingia mtu mrefu, mwembamba, mwenye mvi za pembeni. Huyo ndiye aliyemfinyanga sisimizi, fundi Kondo Chaurembo.

"Mpagazi," alisema Kondo, "mzigo wako umeuegesha wapi leo?"

"Ningekuwa naweza kuukalia ningekuja kwako?" Nyamizi alijibu bila kugeuka. "Mla nazi we. Nawa mikono kwanza, hujui imetoka kushika nini."

"Imetoka kushika mkono wa mumeo. Tulikuwa tunaagana, kaniambia nikikuua nisisite."

"Lo! Na wewe ukakubali, kwa kuwa huna akili."

Mgeni angedhani hawa wanataka kupigana. Thubutu! Kondo alikuwa Mzaramo, Nyamizi Mnyamwezi, na makabila hayo ni watani tangu enzi za misafara ya miguu, Wanyamwezi wakipagaza mizigo hadi kwenye minazi ya Wazaramo. Baina ya watani hakuna tusi na hakuna kesi. Mtani anaweza kuingia jikoni kwako akafunua sufuria akala nyama zote, ukabaki kucheka. Msibani ndiyo usiseme: wafiwa wanalia, yeye kazi yake ni kuwachekesha, kwa vituko vyovyote, na atakalolifanya siku hiyo hashtakiwi. Miaka kumi na mitano Kondo alikuwa ameishi Tabora akiwa mtani wa mji mzima, lakini wa Nyamizi kuliko wa wote. Siku asipomtukana, mama wa watu alikosa raha.

Sasa tuseme huo ugonjwa, kwa kuwa hatuna haya. Kifandugu ni kile kifupa cha mwisho kabisa cha uti wa mgongo, pale pale unapokalia. Ukiumwa jino mtaa mzima unajua. Lakini kifandugu! Nani atasimama mbele ya mkwe wake aseme naumwa huku? Nyamizi alikuwa akisema "mgongo", watu wakamwambia alale sakafuni, akandwe kwa maji ya moto, apunguze chumvi. Miaka kumi na moja. Alijaribu mto wenye tundu katikati. Alijaribu sindano za kupunguza uvimbe, zikampa nafuu ya miezi miwili kisha maumivu yakarudi na hasira zaidi. Alifanya mazoezi ya misuli ya nyonga kwa mtaalamu mmoja mpole sana, akapata ahueni ya kulala tu. Kuking'oa kifupa chenyewe kwa kisu alikataa katakata.

Zamani alikuwa rubani wa treni-elea, ile inayokwenda Kigoma bila kugusa reli. Kazi ya kukaa. Wakamtoa kwenye kiti, wakampa kazi ya kusimama mlangoni kuwakaribisha abiria. Alikula wima. Harusini alisimama ukutani, na wasiojua wakasema yule mama siku hizi anajisikia. Yote hayo aliyazoea, wallahi, aliyazoea. Ila miezi mitano iliyopita binti yake, Tungu, alijifungua mtoto wa kike, wakampa jina la marehemu mama yake Nyamizi, Kalunde. Nyamizi alimbeba mjukuu wake kwa kusimama, akambembeleza kwa kutembea, akamwimbia akiwa ameegemea mlango. Kumpakata hakuweza. Paja, ukilifikiria, lipo tu mtu akikaa, akisimama halipo. Siku moja Tungu alisahau kidogo hali yake, akamwambia, "Mama, hebu mpakate nikate vitunguu," kisha akaziba mdomo kwa kiganja. Nyamizi alikwenda nyuma ya nyumba akalia.

Ndiyo sababu alikuwa pale.

Kondo alimchukua sisimizi kwa ncha ya sindano, akamweka chini ya mgongo wake. Nyamizi alihisi baridi, kisha hakuhisi kitu.

"Ameingia," Kondo alisema. "Anatembea mbele ya mfupa. Nitakueleza tena ili usije ukasema sikukwambia. Mishipa ya fahamu inashuka jozi-jozi, kushoto na kulia. Kila fundo la mshipa lina mwenzake wa ng'ambo. Inashuka hivyo tangu shingoni mpaka mbele ya kifandugu, hapo minyororo miwili inakutana, na pana fundo moja tu. Halina mwenzake. Mimi naliita fundo pweke."

"Jina zuri. Nani kakusaidia?"

"Humo zinapita nyuzi nyingi. Za maumivu, za haja, na nyingine za mambo ya wakubwa. Nikiuchoma uzi usiohusika nimekuachia kilema. Na fundo hili linakubali mgeni mara moja tu. Akishapita mmoja, linafanya kovu. Wa pili hapiti."

"Kwa hiyo ni leo."

"Ni leo. Sasa nakupa usingizi-nusu. Utakuwa hapa na hutakuwa hapa. Nitakuuliza ulivyoanguka, nawe utanisimulia kwa sauti. Ukilikumbuka lile anguko lenyewe, uzi wenye kosa utaitika, na sisimizi atausikia. Lazima useme kwa sauti, mpagazi. Huko unakokwenda, wazo lisilosemwa linapeperuka. Hiyo sauti ndiyo kamba yake."

Usingizi-nusu ulikuwa hewa tu, yenye harufu ya mvua iliyokuwa bado mbali. Nyamizi aliivuta mara tatu. Kitanda kikawa chepesi. Alisikia mapaa ya mji yakigeuka, moja baada ya jingine, sauti laini ya majani elfu na elfu, na akaona kwa raha kabisa kwamba yeye mwenyewe ni jani mojawapo na hakuna haja ya kuharakisha. Mahali fulani chini kabisa ya mwili wake kitu kidogo kilikuwa kinatembea kwa miguu sita, kikibisha hodi mlango hadi mlango.

"Haya," ilisema sauti ya Kondo kutoka mbali. "Karatasi yako inasema uliteleza bafuni. Nipeleke bafuni."

Nyamizi akampeleka. Hadithi ya bafuni alikuwa ameisimulia kwa mumewe, kwa Tungu, kwa madaktari wanne, mpaka mwenyewe aliweza kunusa ile sabuni. Akaieleza vizuri: vigae vya buluu, ndoo, mguu wa kulia ukatangulia, akaanguka chali.

Kondo alikitazama kioo kinachoonyesha nyuzi za mishipa.

"Tena," Kondo alisema.

Akaieleza tena, akaongeza povu.

"Ajabu. Haitiki kitu. Anguko la chali lingeitika upande wa nyuma, na nyuma kumelala kabisa." Nyamizi alimsikia akigonga kioo chake kwa ukucha, kama alivyozoea akiwa na wasiwasi. "Mpagazi, dakika kumi na tisa zimepita. Una hakika ni bafuni?"

"Nina hakika."

"Labda uliwahi kuanguka kwingine? Utotoni? Jaribu utotoni."

Wakajaribu utotoni. Wakajaribu ngazi za stesheni. Sisimizi alizunguka fundo pweke, akatega masikio, na fundo lilikuwa kimya kama nyumba ambayo wenyewe wamesafiri. Na Nyamizi, aliyekuwa akielea huko kati ya kuwa na kutokuwa, alijua kabisa kwa nini. Usingizi-nusu haumlazimishi mtu kusema kweli. Uongo aliuchagua mwenyewe tangu mwanzo, na hata sasa alikuwa anauchagua.

Maana hakukuwa na bafu. Kulikuwa na ua wa mama yake, siku ya tatu ya matanga, na huyu aliyesimama kando ya kitanda akigonga kioo kwa ukucha alikuwepo.

Utamwambiaje mtani kwamba amekuumiza? Siku utakapomwambia hivyo umeuvunja utani wenyewe, umemfanya mtu aliyekutania kuwa mtu aliyekukosea. Kwa hiyo siku ile Nyamizi alicheka pamoja na wote, akajinyanyua, akajipangusa vumbi. Kesho yake aliposhindwa kukaa akasema ameteleza bafuni. Uongo mdogo, wa heshima, kila Mnyamwezi angeuelewa. Kilichofuata hakukitazamia. Kondo aliposikia mtani wake hawezi kukaa, alianza kuja na maswali. Kisha akaanza kuja na michoro. Miaka saba alikesha na nta na nyuzi, akiunguza vidole, akiwaambia watu, "Yule mpagazi wangu lazima akae, nimechoka kumtukana akiwa wima." Mashine nzima aliitengeneza kwa ajili yake. Na kila mwaka uliopita uliufanya ule uongo uwe mgumu zaidi kuufumbua.

"Dakika kumi na mbili zimebaki," Kondo alisema. "Unanificha nini? Nikimwacha ayeyuke bure hakuna hasara nyingine, ila ndiyo basi tena. Nyamizi. Niambie."

Hakuwa amemwita kwa jina lake hata siku moja.

Nyamizi akaona, kwa macho yale ya usingizi-nusu, mtoto Kalunde anaelea hewani kwa upole, amekunja miguu, anatafuta pa kushukia. Hakuna paja chini yake. Mtoto akazidi kuelea, bila kulia, akitazama tu huku na huku. Hapo Nyamizi aliogopa kwelikweli.

"Haikuwa bafuni," alisema. "Nisamehe."

"Ilikuwa wapi?"

"Uani kwa mama. Siku ya tatu ya msiba."

"Sema yote."

"Moshi wa kuni. Nimesimama siku tatu, sijalia, machozi hayatoki, watu wameanza kunionea wasiwasi. Mtani wetu amevaa kitenge cha mama na kilemba cha mama. Anatembea kama mama, anawagombeza wapishi kuhusu chumvi, sauti ile ile. Jamani! Watu wamelala chini kwa vicheko. Na mimi nikacheka. Nilicheka nikahisi kifua kinafunguka, nikajua sasa nitaweza kulia." Akavuta pumzi. Sasa moshi ulikuwa unamwasha macho kweli. "Nikataka kukaa. Kulikuwa na kigoda cha jikoni, nikakisogeza. Nikashuka. Na mtani akakivuta."

Chini kabisa, gizani, kitu kiliitika.

"Kilivutwa nusu tu," Nyamizi aliendelea, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetembea, hakimbii. "Nilikalia ukingo. Upande. Niliusikia mfupa ukisema. Wote wakacheka na mimi nikacheka, na mtani akaniinua, akanipangusa kanga, akasema pole mpagazi, ulidhani Wazaramo wanakalisha watu bure?"

Mbele ya Kondo, kwenye kioo, uzi mmoja katika nyuzi mia ulikuwa unawaka rangi ya kaa la moto, na sisimizi ameshausimamia, miguu yote sita, anangoja amri. Dakika zilikuwa sita. Mikono ya Kondo ilikuwa juu ya meza na haikuwa inafanya kazi yoyote.

"Kondo," Nyamizi aliita.

"Nipo."

"Usiniache hapa."

"Thibitisha. Upande gani?" Ilikuwa sauti ya mtu mwingine kabisa, karani fulani.

"Kushoto."

Akatoa amri. Joto dogo likapanda, likakaa, likashuka. Nyamizi alisikia jambo la ajabu: miaka kumi na moja kulikuwa na mtu anaongea nyuma yake bila kupumzika, amemzoea hata hamsikii tena, na sasa mtu huyo amenyamaza katikati ya sentensi. Akalala. Usingizi mzima sasa, usio wa nusu.

Alipoamka dirisha lilikuwa limejaa jua la adhuhuri. Karatasi ya maelekezo ilikuwa juu ya kiti: asikae siku mbili, ya tatu akae polepole. Kondo hakuwepo.

Siku ya tatu Nyamizi alikaa. Alianza kwa woga, kwenye ukingo wa kochi, mikono imeshika pande zote mbili. Akajiachia kidogo. Akajiachia kabisa. Mumewe alisimama mlangoni na taulo begani, akasahau alikokuwa anakwenda. Tungu alimleta mtoto akamweka pajani kwa mama yake, naye Kalunde, ambaye hajui habari za mtu, akajinyoosha, akapiga chafya, akalala. Alikuwa mzito kuliko alivyokuwa akibebwa. Uzito wote ulikuwa umetua. Nyamizi alimtazama saa nzima na hakutaka chai wala kitu chochote.

Alasiri ikabishwa hodi. Ilikuwa sauti ya Kondo, lakini Kondo hakuwa mtu wa kubisha hodi katika nyumba ile. Kawaida aliingia akitukana tangu barabarani. Alivua viatu, akavipanga sawa. Akasimama mbele ya kochi, mikono mbele.

"Shikamoo, mama," alisema.

Na alimzidi Nyamizi miaka miwili.

"Ala! Umelewa? Shikamoo ya nani?"

"Nimekuja kuangalia maendeleo yako. Maumivu?"

"Hakuna. We mla nazi, nani kakufundisha adabu siku tatu hizi? Inakukaa vibaya, kama koti la kuazima."

"Nashukuru kusikia hakuna maumivu, mama. Ganzi miguuni?"

"Kondo."

"Haja zinakwenda vizuri?"

"Kondo, acha."

Akaacha. Alikuwa anamtazama mtoto, si yeye. Akasema kwa upole kwamba amepata mtu wa kumfundisha kumwongoza sisimizi, kijana mahiri kabisa, na yeye mwenyewe ameomba kurudi kwao Maneromango mwisho wa mwezi. Alisema kuwa miaka saba alikuwa akijisifu moyoni. Usiku akilala alijiambia, Kondo, wewe ni mtu mwema, unamhangaikia mtu ambaye si ndugu yako wala nini. "Kumbe nilikuwa nafukia shimo langu mwenyewe," alisema. "Treni yako. Kusimama kwako harusini. Miaka ile kabla sijajua, mimi ndiye niliyekuwa nakucheka, mama, kwamba unaringa. Nilikucheka mbele za watu."

Hasira ilimpanda Nyamizi, na haikuwa hasira ya kigoda. Ile ilikuwa imekwisha zamani. Alikasirika kwa kuwa alikuwa amekaa sasa, hana maumivu, ana mjukuu pajani, vyote alivyovitaka, na mbele yake amesimama mgeni mwenye heshima zake.

"Siku ile," alisema, "kama usingevaa kile kilemba mimi nisingelia. Ningekuwa mwendawazimu hadi leo. Hilo mbona hulihesabu?"

"Siwezi kukutania tena. Nimejaribu njiani. Mdomo haufunguki."

"Basi kaa."

"Nimesimama tu, mama, nakwenda."

"Nimesema kaa! Mtu amekaa kwa mara ya kwanza tangu mama yake afe, na wewe unamsimamia kichwani kama mwizi? Kaa hapo chini."

Kondo akakaa mkekani. Nyamizi aliinama, na ndani ya kuinama huko mwili wake haukusema kitu, akamweka Kalunde mikononi mwa yule mtu mrefu. Mtoto akafungua jicho moja. Kondo alimshika kama anavyoshika vyombo vyake vya nta, kwa ncha za vidole, na machozi yakaanza kumshuka bila sauti, yakaingia kwenye ndevu.

Wakakaa hivyo. Nje mapaa ya mji yalikuwa yakigeukia magharibi, yote pamoja, na chumba kikabadilika rangi polepole. Nyamizi alingoja. Alikuwa na muda, na alikuwa na pa kukaa.

"Mtoto mzuri," Kondo alisema mwishowe. Akakohoa, akaanza upya. "Mtoto mzuri. Kwa... kwa bibi yake hakuchukua kitu."

Mzaha wenyewe haukuwa na chumvi hata kidogo, na ulitoka vipande vipande. Nyamizi aliucheka kwa nguvu zake zote. Aliucheka kwa makusudi, akipiga kiganja juu ya goti, mpaka Tungu akachungulia kutoka jikoni, na Kondo alipothubutu kuinua uso alimkuta bado anacheka, anamsubiri.